Jiwe la Eliab kwenye Mlango wa Jikoni

Northwick, Massachusetts
12 Oktoba 2008

Mdogo wangu Asa,

Naamini barua hii inakukuta ukipumua vizuri, na kwamba Ramón bado anakupeleka kliniki kila Jumanne ingawa wewe si baba yake wa kumzaa. Huku majani ya miti yamegeuka rangi, na watu wa Boston wamekuja kuyapiga picha. Kama kila mwaka, wanaegesha magari mbele ya kanisa na kuziba njia ya gari la zimamoto.

Sikuandikii kutoka nyumbani. Mwezi wa nane niliteleza kwenye kizingiti cha jikoni nikavunja nyonga, na sasa nipo kwenye nyumba ya wazee, chumba namba kumi na nne, dirisha linatazama maegesho. Mlango mkubwa unafunguka kwa kubonyeza namba, na sisi tuliomo hatuambiwi namba hizo. Wanasema ni kwa ajili ya wale wanaopotea. Mimi sipotei, lakini namba siambiwi vilevile.

Tabitha, mjukuu wa binamu yetu Everett, huja kila Alhamisi. Anatayarisha toleo la pili la kitabu changu cha nasaba kwa ajili ya mkutano wa ukoo mwezi wa saba. Watakuja watu mia tatu. Anataka niweke sahihi kwamba kila kilichomo ni sawa.

Nitasema bila kuzunguka kwa sababu mkono unachoka. Kitabu kina uongo, na uongo ni wangu.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akitukaririsha kabla ya chakula cha Jumapili: Gideon Thaxley alimzaa Eliab, Eliab alimzaa Josiah, hadi kufika kwetu. Eliab alizaliwa mwaka 1739, na hilo ni kweli, lipo kwenye daftari la ubatizo. Lakini Eliab huyo alikufa 1741, akiwa na miaka miwili na miezi minne. Nililiona jiwe lake Agosti 1951, kona ya chini ya makaburi ya zamani, limezama kwenye nyasi. Ndipo nikaenda kwenye daftari la wazee wa mji, nikakuta kilichofuata. Mwaka 1743 mwanamke mpita njia aitwaye Keziah, asiye na mume wala jamaa, aliamriwa kuondoka Northwick kabla theluji haijaanza, mji usije ukalazimika kumlisha. Mtoto wake wa miaka mitatu walimbakiza. Walimkabidhi kwa Gideon kwa mkataba, amfanyie kazi hadi atimize miaka ishirini na mmoja. Gideon na mkewe wakampa jina la marehemu wao.

Unaijua desturi ya watu wale. Mtoto akifa, anayefuata huvishwa jina lake, kama koti ambalo bado ni zima. Kwa kawaida anayefuata hutoka tumbo lilelile. Safari ile haikuwa hivyo. Na kwa kuwa Gideon hakupata mtoto mwingine aliyeishi, shamba lilibaki kwa huyo wa pili.

Sisi ni watu wa Keziah, Asa. Ukoo mzima. Hatuna hata tone la Gideon.

Kila aliyewahi kuandika nasaba yetu aliwahesabu Eliab wawili kuwa mmoja, na mimi nilifanya hivyo miaka minane. Nilipojua, kurasa zilishapangwa kwa mpiga chapa. Basi asubuhi moja nilichukua toroli, nikang'oa lile jiwe. Ni dogo, kama sinia. Nikalifunika kwa matofaa nikalileta nyumbani, nikalilaza kifudifudi kwenye mlango wa jikoni, mahali pa ule ubao uliokuwa umeoza. Baba aliuliza limetoka wapi. Nikasema kwenye ukuta wa malisho. Akasema, "Jiwe zuri." Alilikanyaga hadi alipokufa.

Ndilo lililoniangusha.

Nina wiki chache za kuamua kama nitaweka sahihi. Nataka kujua unasemaje.

Na jambo moja zaidi, sijui kama nilipaswa kuanza nalo. Mezani kwangu hapa anakaa Ruth Pell.

Dada yako,
Lois

*

Mesilla, New Mexico
30 Novemba 2008

Dada Lois,

Pole kwa nyonga. Barua yako ilifika tarehe 17 Oktoba, sitaisingizia posta.

Huku tumemaliza kuchoma pilipili za kijani, mji mzima bado unanukia moshi wake. Nilikwenda kusafisha kaburi la mke wangu Consuelo, nikampelekea maua ya njano na chupa ya soda aliyokuwa akiipenda. Ramón ananitaka nihamie kwake. Nimemwambia nitahama siku atakayojifunza kunyamaza asubuhi. Sikukuu ya Shukrani tulikula bata mzinga na tamale za unga wa mahindi, na mimi nilisinzia mezani mtungi wa oksijeni ukiwa umeniegemea kama mke mpya.

Kuhusu Keziah sina la kusema. Damu yangu wanaipima kila wiki na bado hakuna daktari aliyeniambia ina jina la mtu.

Kuhusu sahihi, hilo ni lako. Mimi niliondoka kwenye kitabu chako mwaka 1952. Nadhani ukurasa wangu una mstari mmoja.

Swali langu ni hili tu: jiwe ulilichukua lini? Usiniambie mwezi. Niambie siku.

Ruth simuulizii. Kama anakula vizuri, nashukuru.

Asa

*

Northwick
14 Desemba 2008

Asa mdogo wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Bado unaandika kama mpima ardhi, kila herufi imesimama kwenye kigingi chake. Theluji imeanguka mara tatu. Marie-Ange, muuguzi wetu kutoka Haiti, anasema nchi hii ilipaswa kufungwa kuanzia Desemba hadi Aprili. Nimemwambia imefungwa, sisi ndio tumefungiwa ndani.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 20 Septemba 1951. Nakumbuka kwa sababu maonyesho ya mavuno yalianza siku hiyo na shule ilifungwa, sikuwa na vipindi vya Kilatini. Kwa nini unauliza?

Ruth anakula. Aliolewa na Doyle wa kiwanda cha karatasi, akapata watoto wawili, akafiwa na mume. Alisimamia jiko la shule ya msingi miaka arobaini. Ana kiti cha magurudumu na kichwa kizima. Wengine humwita Bi Doyle. Yeye mimi huniita Mwalimu, na ladha ya neno hilo mdomoni mwake si tamu.

Jumamosi walituletea maharage ya kuokwa na mkate mweusi, kama desturi. Ruth akaniangalia akaniuliza, "Mwalimu, ukoo wenu unakula nini leo?"

"Maharage."

"Na wetu pia. Ajabu hiyo."

Mzee Colby, mkaaji mwenzetu, alicheka hadi meno yakamtoka, na kweli yalimtoka.

Wiki iliyopita nilijikaza nikamuuliza, "Ruth, unamkumbuka Asa?" Akaweka kijiko chini. Akasema, "Mwalimu, nimesahau majina ya dawa zangu. Sijasahau kitu kingine." Akageuza kiti akaenda zake, hakurudi kula pudini.

Tabitha alikuja na kompyuta yake. Ameongeza picha za rangi, na mchoro wa mti wenye Gideon kwenye shina. Nilimwambia macho yananiuma, sikusaini. Wala sikumwambia. Miaka hamsini na saba nimekuwa mtu wa kuulizwa katika mji huu, Asa. Mtu akitaka kujua babu wa babu yake, anaelekezwa kwangu. Kila nikifungua mdomo nimwambie Tabitha, nawaona wote wale wamesimama nyuma yake na karatasi mkononi.

Niandikie mapema safari hii. Daktari hapendi sauti ya mapafu yangu.

Lois

*

Mesilla
25 Januari 2009

Lois,

Nilijua utasema ilikuwa siku ya juma, kabla ya Jumapili. Nilitaka kuiona imeandikwa.

Salamu za Ramón. Sasa sikiliza.

Mei 1951 Ruth alinionyesha jiwe lile. Baba yake, Amos, ndiye aliyekuwa akifyeka makaburi, na yeye tangu mdogo alipewa kazi ya kusugua mawe madogo kwa brashi. Alikuwa akiwajua watoto wale waliokufa kwa majina, kama majirani. Tulipiga magoti pale akapaka chaki juu ya maandishi, yakatokea. Akaniambia, "Baba yako amesema sisi akina Pell hatuna ukoo, tuna anwani tu, na hiyo nayo ni ya shamba la maskini wanaolishwa na mji. Haya. Muulize basi huyu aliyelala hapa ni babu wa nani."

Hakujua habari za Keziah. Lakini alijua kuhesabu. Mtoto aliyekufa na miaka miwili hawezi kumzaa Josiah.

Nilimwahidi nitamleta Baba, alione kwa macho yake, kisha aniambie tena kwamba siwezi kumwoa. Nilikuwa nimetoka vitani, Lois, nimelala kwenye tope la Ufaransa, na bado nilichukua Juni, Julai na Agosti kupata ujasiri wa kumwinua mzee mmoja kutoka kwenye kiti chake. Hatimaye tarehe 23 Septemba, Jumapili, baada ya ibada, nikasema, "Baba, twende nikuonyeshe kitu."

Alikuja na fimbo yake na suti ya kanisani. Tulishuka hadi kona ya chini. Palikuwa na nyasi, na kipande cha udongo kilichosawazishwa vizuri sana. Baba alingoja. Alitazama saa yake. Akasema, "Umenitoa mezani kuja kunionyesha nyasi."

Waliojua jiwe lile ni mimi na Ruth. Nilidhani ni yeye. Nilidhani amebadilisha mawazo, hataki kuingia kwetu kwa mlango huo, au hataki kuingia kabisa. Jumatatu nilikwenda kwao. Alisimama mlangoni akasema, "Umempeleka baba yako?"

"Nimempeleka."

"Na?"

"Hakuna jiwe."

Akarudia, "Hakuna jiwe," kama mtu anayejaribu uzito wa maneno. Kisha akafunga mlango. Hakuupiga, aliufunga polepole. Nilidhani ni aibu ya kilichofanywa na mikono yake. Mwezi wa pili nilipanda treni.

Nimeishi maisha yangu yote nikiamini kwamba alinikataa kwa jiwe.

Siku tatu, Lois. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Ulikuwa ukinipikia kifungua kinywa siku hizo zote.

Usiniandikie hadi nitakapokuandikia.

Asa

*

Northwick
22 Februari 2009

Asa,

Umenikataza kuandika nami naandika, kwa sababu nikingoja zamu yangu sitakuwepo. Salamu zangu ni hizo. Daktari anasema moyo umechoka na maji yanapanda kwenye mapafu. Anasema "wiki kadhaa" kwa sauti ya chini, kama mtu aliye maktabani.

Nimemwambia Ruth. Nilimwomba Marie-Ange atusogeze wote wawili kwenye chumba cha jua, ambacho hakina jua, na nikamsomea barua yako yote, hata pale unapojilaumu. Nje, gari la kuondoa theluji lilikuwa likienda na kurudi.

"Nilidhani ni yeye," Ruth akasema. "Nilidhani amelificha yeye mwenyewe, ameuchagua upande wa baba yake, halafu anakuja kusimama mlangoni kwetu kuniambia hakuna jiwe, kana kwamba mimi ni mwehu. Kana kwamba sijawahi kulisugua kwa mkono huu." Akaunyoosha mkono akautazama. "Miaka hamsini na saba, Mwalimu. Nimemchukia mtu asiye na kosa, na nilikuwa na bidii nayo."

Kisha akaniuliza kwa nini.

Nikamwambia habari za kitabu, kurasa zilizopangwa, Baba na moyo wake mbovu.

"Usinidanganye," akasema. "Mimi nimewapikia watoto miaka arobaini, namjua anayedanganya kabla hajafungua mdomo. Jiwe lilikuwepo pale miaka mia mbili na kumi. Kwa nini Alhamisi ile?"

Basi nikamwambia, na sasa nakwambia wewe. Katika barua ya kwanza niliandika kwamba nililiona jiwe mwenyewe, Agosti. Si kweli. Niliwaona ninyi, Mei. Chumba cha madaftari ya mji kina dirisha linalotazama makaburi, unalijua. Niliwaona mmepiga magoti, nikaona anakufuta chaki kwenye mkono wa shati, nawe ukacheka. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu urudi vitani. Mlipoondoka nilishuka nikasoma mlichokuwa mkisoma. Habari za Keziah nilizitafuta baada ya hapo, kwa sababu yenu.

Na Jumatano ile, tarehe 19, nilikuwa naosha vyombo nawe unakausha. Ukasema, "Jumapili usihangaike na pai. Nitamtoa Baba mapema, nina kitu cha kumwonyesha makaburini." Ulisema ukitabasamu kwenye sahani.

Nilijua kila kitu, Asa. Nilijua kwamba Baba akiona jiwe lile atakosa neno kwa mara ya kwanza maishani, na wewe utamwoa Ruth na kuhamia nyumba yenu wenyewe, nami nitabaki. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mama alikuwa amekufa. Niliona meza ya jikoni na mimi upande mmoja na Baba upande wa pili, hadi mmoja wetu afe. Nilitaka ubaki, basi. Kitabu nilikisingizia baadaye, hata mbele yangu mwenyewe, hadi nikakiamini.

Ulipanda treni, nami nikabaki na Baba miaka ishirini na miwili. Kila siku nilitoka kwa mlango ule kwenda kumwaga maji. Nililikanyaga asubuhi, nikalikanyaga mchana. Wakati mwingine nilijaribu kuliruka, nikaona ni upumbavu.

Ruth alimwita Marie-Ange amrudishe chumbani. Tangu siku hiyo ameomba kukaa meza ya dirishani.

Tabitha nimemwambia pia, Alhamisi iliyofuata. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, kwa sababu la gumu lilishapita. Alitazama mti wake wenye Gideon kwenye shina. Akasema, "Shangazi Lois, fulana za mkutano zimeshachapwa. Zina uso wa Gideon."

"Gideon hakuwahi kupigwa picha."

"Tulimchora."

Tukacheka, hata yeye. Kisha akafuta machozi akafungua kompyuta, na nikamsomea marekebisho: *Eliab wa pili, mtoto wa Keziah, mpita njia aliyeamriwa kuondoka mjini. Baba hajulikani.* Akauliza jina la ukoo la Keziah. Nikamwambia halikuandikwa. Akaacha nafasi tupu, mti mzima umesimama juu yake. Hapo chini nimeweka sahihi.

Nimemwomba aling'oe jiwe mlangoni alirudishe mahali pake. Ardhi bado ni ngumu kama chuma, italazimu kungoja Aprili.

Siombi jibu.

Lois

*

Mesilla
29 Machi 2009

Dada Lois,

Natumaini unapata usingizi. Hapa upepo wa vumbi umeanza, tumefunga madirisha. Wewe una mlango wa namba, mimi nina mpira wa oksijeni wenye urefu wa mita kumi na tano, unanifikisha hadi sanduku la barua lakini si hadi barabarani. Nilimuuliza daktari kuhusu ndege. Alinijibu kwa kunipiga begani.

Sijakusamehe. Nimeanza kulifikiria, lakini mimi ni mzito, unanijua. Jiwe nilionyeshwa Mei nikamwambia Baba Septemba. Ningesema Juni, kulibeba kwenye toroli kusingekufaa kitu. Hilo nimekaa nalo mwezi mzima, na sikulipenda. Na kumuuliza Ruth swali moja pale mlangoni, maneno matatu tu, sikuweza. Hilo si kosa lako.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine. Ni ya Ruth. Nimeifunga kwa gundi na utepe.

Umesoma karatasi za kila mtu katika mji ule, Lois, waliokufa na walio hai. Hii moja nakuomba usiisome.

Asa

*

Northwick
19 Aprili 2009

Mdogo wangu Asa,

Anayeandika ni Marie-Ange, ninayesema ni mimi. Mkono umegoma. Kama kuna makosa, ni ya kwake; amekataa kuandika hivyo, nimemlazimisha. Yeye anakusalimu.

Jumatano Tabitha alikwenda na mumewe na chuma cha kuchokolea, wakalibandua jiwe. Ameniletea picha. Miaka yote ile kulala kifudifudi kumeyalinda maandishi. Mawe mengine ya mwaka ule mvua imeshayala, lakini la Eliab limetoka na kila herufi, na ile sura ndogo yenye mabawa juu yake, kama limechongwa juzi. Wamelirudisha kona ya chini. Mlangoni pamebaki shimo la umbo lake. Tabitha anauliza waweke nini pale. Nimemwambia waache watakaonunua nyumba waamue.

Kuhusu bahasha yako. Ilifika Ijumaa ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, na chakula ni saa sita. Kwa saa mbili ilikuwa juu ya blanketi langu. Karatasi uliyotumia ni nyembamba, Asa, ungetumia nene. Niliona kwamba kuna kurasa mbili na kwamba umeandika pande zote. Kisha niliigeuza uso chini nikakumbuka kitu kingine nilichowahi kugeuza uso chini, nikamwita Marie-Ange anipeleke kwenye chumba cha chakula.

Alinisogeza hadi meza ya dirishani. Ruth alikuwa anakula. Nikaiweka mbele yake. Aliutambua mwandiko kabla hajaigusa. Akaigeuza, akaukagua utepe kwa kucha, kona hadi kona.

"Hujaifungua," akasema.

"Sijaifungua."

"Basi kweli unaumwa, Mwalimu."

Akaichana kwa kisu cha siagi. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Supu yake iliganda. Mzee Colby aliuliza kutoka meza ya pili kama ni bili, yeye akaendelea kusoma. Alipomaliza aliikunja mara nne, akaitia ndani ya mkono wa sweta, akautazama mlango ule wenye namba kwa muda. Kisha akasema, "Nipitishie chumvi."

Nikampitishia. Akala supu yake baridi yote.

Sijui uliandika nini. Maisha yangu yote nimekuwa nikijua kilichoandikwa, na sasa kuna kurasa mbili, hatua sita kutoka kitandani kwangu, ambazo nitakufa bila kuzisoma. Naona ni haki. Sijauliza, na Marie-Ange ni shahidi.

Jana Ruth aliomba karatasi na stempu. Hakuniomba mimi.

Dada yako, wa watu wa Keziah,
Lois